Kimbunga kinazaliwa wapi? Na je, kinaweza kutufikia Mpanda?

Nilipotea kidogo, mambo ya kutafuta riziki si mnajua, lakini leo nimerudi na mada ambayo nilimuahidi mtu mmoja toka mwaka 2024 halafu nikawa naipiga danadana. Huyo mtu ni mjomba wangu, mkulima wa mpunga kule Mwamkulu, nje kidogo ya mji wetu wa Mpanda.

Mnakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya. Hapa Katavi hakikufika hata kwa upepo wa kupeperusha mfuko wa rambo. Lakini kwenye ukoo wetu kiliacha hasara. Mjomba alikuwa ameshakata mpunga, ameupanga shambani anasubiri kupura. Jumamosi ile ukaja ujumbe kwenye simu, wa kutumiwa na kutumia wengine, kwamba kimbunga kimeshapita Dar, kinaelekea Tabora, Katavi na Rukwa, mwenye mazao nje ayaokoe. Hauna jina la mtu wala ofisi. Jioni akatokea mnunuzi na Fuso, anajifanya ana huruma, "mzee nakusaidia tu". Mjomba akapura usiku kwa tochi za simu, akauza gunia 22 kwa bei ambayo mpaka leo hajamwambia hata mkewe. Jumatatu jua likawaka kama kawaida. Hiyo ilikuwa hela ya ada ya binamu yangu.

Nilipomtembelea hakulalamika sana. Aliniuliza tu, "Sasa mjomba, wewe si umesoma mpaka fomu foo? Hicho kimbunga kingepitia wapi kuja huku?" Nikakosa jibu. Jiografia nilipata C, nilikuwa nakumbuka jicho la kimbunga na mchoro wake basi. Nikaanza kusoma. Haya ndo niliyoyapata, nayaweka hapa kwa ajili yake na wengine wa aina yake.

Kwanza tusafishe neno lenyewe, maana nusu ya tatizo liko hapo. Kule mashambani mwezi wa tisa na wa kumi, jua kali, ardhi imekauka, unaona vumbi linanyanyuka linazunguka kama mtu anacheza ngoma, linabeba majani na makaratasi, baada ya dakika mbili limekwisha. Wengi tunaita kimbunga. Wengine wanasema chamchela au kisulisuli. Hicho ni kitu kingine kabisa. Kinaanzia chini kwenye ardhi yenye joto, upana wake hatua chache. Kimbunga cha bahari upana wake ni mamia ya kilomita, kinaishi siku nyingi, wakati mwingine wiki, na hakizaliwi popote isipokuwa baharini. Marekani wanakiita harikeni, Japani na Ufilipino taifuni. Sisi na ndugu zetu wa Bahari ya Hindi tunasema kimbunga au saikloni. Mnyama ni yule yule.

Sasa huyu mnyama anakula nini? Anakula joto la maji. Wataalamu wanasema uso wa bahari unatakiwa uwe na joto la nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi, na joto hilo liende chini kama mita 50 hivi. Kwa nini lifike chini? Kwa sababu upepo wa kimbunga unakoroga bahari. Kama maji ya moto ni ya juu juu tu, akikoroga anapandisha maji baridi mwenyewe na anajizimia jiko. Ndiyo maana kinahitaji akiba ya kutosha chini.

Hapa kuna kitu kilinisumbua sana kukielewa, ngoja nikieleze kwa lugha ya jikoni. Mama akipika wali, ukifunua sufuria vibaya mvuke ukakupiga mkono, unaungua vibaya, mara nyingi kuliko maji ya moto yenyewe. Kwa nini? Maji ili yawe mvuke yanakula joto jingi, na joto hilo linakaa limejificha ndani ya mvuke. Mvuke ukigusa ngozi yako unarudi kuwa maji, na lile joto lote linatoka hapo hapo kwenye mkono wako. Baharini ni hivyo hivyo. Jua linapasha maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unapanda. Ukifika juu kwenye baridi unageuka matone ya mawingu, na joto lililojificha linaachiliwa huko juu. Hewa ya pale inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda zaidi. Chini panabaki upungufu wa hewa, ndo wale TMA wanauita mgandamizo mdogo wa hewa. Hewa ya pembeni inakimbilia kujaza pengo, ikipita juu ya bahari inabeba mvuke mwingine, nao unapanda... na mchezo unaendelea. Waliowahi kukausha tumbaku kwenye bani wanajua hewa ya moto inavyopanda na kuvuta hewa nyingine kwa chini. Tofauti ni kwamba bani lina mtu wa kuongeza kuni. Kimbunga kinajiongezea chenyewe, ilimradi kiko juu ya maji ya moto.

Lakini hapo bado hujapata kimbunga, umepata mvua kubwa ya radi tu. Ili kiwe kimbunga lazima kizunguke, na kuzunguka kunatokana na dunia yenyewe kuzunguka. Hii nguvu wameipa jina la Mfaransa mmoja wa karne ya 19, Coriolis. Upepo ukisafiri mbali kwenye dunia inayozunguka, unapindishwa. Upande wetu wa kusini mwa ikweta unapindishwa kushoto, upande wa kaskazini kulia. Sasa fikiria upepo unatoka pande zote unakimbilia sehemu moja, na kila mmoja unapinda kushoto kidogo. Haufiki katikati, unaishia kuzunguka zunguka. Ndiyo maana vimbunga vya huku kwetu vinazunguka kama mshale wa saa, vya Marekani na Japani vinazunguka kinyume. (Na wale wanaosema maji ya beseni la kunawia pia yanazunguka kwa sababu hiyo, hapana bwana. Beseni ni dogo mno, maji yanafuata umbo la beseni na ulivyoyamwaga.)

Penye ikweta yenyewe nguvu hii ni sifuri. Ndiyo maana vimbunga karibu vyote vinazaliwa kuanzia nyuzi 5 hivi kusini au kaskazini ya ikweta, hata kama maji ya ikweta ni ya moto kuliko yote. Kuna mmoja alivunja sheria, Vamei wa Desemba 2001, alizaliwa karibu na Singapore kwenye nyuzi moja na nusu tu kaskazini. Wataalamu bado wanamtaja kama kioja.

Sharti lingine watu hulisahau: upepo wa juu na upepo wa chini visipishane sana. Mmeona tanuri la tofali hapa kwetu likichomwa siku ambayo hakuna upepo, moshi unapanda wima mpaka mbinguni. Siku ya upepo moshi unakatwa, unalala pembeni, juu hakuna kitu. Kimbunga nacho ni mnara wa hewa ya moto wenye urefu wa kilomita kama 15. Upepo wa juu ukiwa mkali tofauti na wa chini unaukata mnara, joto linapeperushwa, kinakufa hata kama maji ni ya moto. Ongeza na hewa yenye unyevu mpaka katikati ya anga, na mawingu ya mvua ya kuanzia, basi hesabu imekamilika.

Weka masharti yote pamoja kwenye ramani utaona kwa nini vimbunga vina makwao. Magharibi ya Bahari ya Pasifiki, upande wa Ufilipino, China na Japani, ndiko kwenye vingi kuliko kote. Kuna Pasifiki ya upande wa Meksiko, Atlantiki na Karibi, Ghuba ya Bengali na Bahari ya Arabuni, kuna pande za Australia, na kuna sisi, kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi. Atlantiki ya kusini karibu hakuna kabisa, ndiyo maana Brazil walishangaa Machi 2004 walipopigwa na kilichoitwa Catarina. Dunia nzima vinapata majina kama 80 au 90 kwa mwaka, na kwenye bahari yetu ni kama 10 kwa msimu.

Msimu wetu ni Novemba mpaka Aprili, wakati jua liko kusini na bahari imepata moto. Vingi vinazaliwa katikati ya bahari, mashariki ya Madagaska, halafu vinasukumwa na pepo kuelekea magharibi huku vikijipinda kwenda kusini. Kwa hiyo wanaoumia kila mwaka ni Madagaska, Moris, Reunion na Msumbiji. Sisi Tanzania tunaponea kwenye tundu la sindano: tuko karibu na ikweta, na kimbunga kwa tabia kinaikimbia ikweta, hakiifuati.

Ila kuponea sio kukingwa. Tarehe 15 Aprili 1872 Unguja ilipigwa na kimbunga ambacho wazee wa Zanzibar walikisimulia vizazi na vizazi. Kilikuwa ni wakati wa Sultan Barghash, hata miaka miwili hajatimiza kwenye kiti. Meli zake ziliharibiwa bandarini na mashamba ya mikarafuu ya Unguja yaling'olewa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndo Pemba ikawa mama wa karafuu. Yaani ukinunua karafuu leo hapa soko la Mpanda uweke kwenye pilau, kwamba imetoka Pemba sio Unguja, upepo wa siku moja una mchango wake hapo. Mwaka 1952, Aprili tena, kikapiga Lindi.

Halafu vya zama zetu. Aprili 2019 Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazidja, kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25, jirani kabisa na Mtwara. Mtwara walifunga shule na kuhamisha watu, kikapita kusini yao. Huyo alikuja wiki sita tu baada ya Idai kuiangamiza Beira na kuua zaidi ya watu elfu moja katika nchi za huko. Aprili 2021 kikaja Jobo, kikatishia Dar kabisa, lakini kikakosa nguvu kabla ya kutua. Watu wakawacheka TMA mitandaoni, jambo ambalo mimi naona ni ujinga. Mlitaka kije kweli ndo mfurahi?

Kisha Hidaya. Ulianza kama mgandamizo mdogo wa hewa mashariki ya pwani ya Mtwara mwanzoni mwa Mei 2024, ukakua haraka, tarehe 3 kikawa kimbunga kamili, na usiku wa tarehe 4 kikafika Mafia kimechoka, kikaisha. Lakini mvua yake haikuchoka. Nyumba zilibomoka Mafia, boti za Dar na Zanzibar zilisimama, barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ikakatika Kilwa, maeneo ya Somanga. Mwaka ule ule, mwezi ule ule, kikafuata Ialy ambacho kilipanda mpaka karibu na Kenya na Somalia.

Mmeona kitu? Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Karibu vyote vilivyotugusa vimekuja mwishoni mwa msimu. Katikati ya msimu, Januari na Februari, ukanda wa mvua uko kusini na vimbunga vinazaliwa kusini. Jua likianza kurudi kaskazini, ukanda nao unapanda, na maji ya pwani yetu bado yana moto wa miezi yote ya kiangazi cha huko kusini. Hapo ndo mlango wetu unakuwa wazi kwa wiki chache.

Tukirudi kwa swali la mjomba. Mpanda iko nyuzi 6 na kitu kusini mwa ikweta, karibu mstari mmoja na Unguja. Kwa hiyo hatuwezi kusema dunia haizunguki huku. Tatizo la kimbunga ni njia. Kutoka Mpanda mpaka Bahari ya Hindi, ukipiga mstari ulionyooka, ni kama kilomita 900. Kikitua nchi kavu kinakuwa kama jiko lililotolewa mkaa. Hakuna mvuke wa bahari, na milima, miti na majumba vinakwaruza upepo wake. Ndani ya siku moja au mbili upepo wa kung'oa paa umekwisha. Kuvuka Morogoro, Dodoma na Tabora mpaka huku kwenye mwinuko wa mita elfu moja na zaidi, kikiwa bado kimbunga? Hapana.

Nilipomueleza hivyo, akanibana: "Na Malawi je? Si haina bahari?" Mzee anasikiliza redio, usimchukulie poa. Ni kweli. Freddy ya mwaka 2023 ilizaliwa mwanzoni mwa Februari huko karibu na Australia, ikavuka Bahari ya Hindi yote, ikaishi zaidi ya wiki tano, ikaipiga Msumbiji mara mbili, na Machi ikaingia kusini mwa Malawi na kuua watu zaidi ya elfu moja, wengi pande za Blantyre. Lakini angalia kilichoua ni nini. Ni mvua na maporomoko ya udongo, sio upepo. Kusini mwa Malawi ni karibu zaidi na bahari kuliko sisi, mbele yake ni tambarare za Msumbiji, na iko kwenye njia ambayo vimbunga vinapita. Sisi tuko nje ya njia hiyo, ila sehemu ya mvua inatuhusu, nitaifikia.

Kuna na swali la wavuvi wa Karema na Ikola: mbona Ziwa Tanganyika maji yake yana joto, halina kimbunga? Ziwa lina kina cha mita 1,470 na urefu wa kilomita zaidi ya 600, lakini upana wake ni kama kilomita 50 tu kwa wastani. Kimbunga cha upana wa kilomita 300 au 500 kitakaa wapi hapo? Ni kama kutaka kuinjika sufuria ya harusini kwenye kibatari. Ziwa lina dhoruba zake, lina kusi inayozamisha mitumbwi, na wakati mwingine nguzo ya maji inayoshuka kutoka wingu. Vinaua, lakini sio vimbunga.

Sasa mvua. Sisi Katavi tuko kwenye ile TMA wanaita mvua za msimu, moja tu kwa mwaka, Novemba mpaka Aprili hivi. Sehemu ya unyevu wetu unatoka magharibi, misitu ya Kongo. Kimbunga kikikaa mahali fulani baharini, mathalani upande wa Madagaska, kinaweza kuvuta pepo za Kongo zikapita juu yetu, tukapata mvua za siku mfululizo. Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilipokuwa pande za Madagaska, Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa sana kwa njia hii. Kikikaa mahali pengine kinafanya kinyume: kinakusanya unyevu kwake, na huku mahindi yanakunja majani katikati ya msimu. Kwa hiyo mkulima wa Katavi akisikia kimbunga asifikirie paa. Afikirie wiki moja au mbili za mvua zaidi au mvua pungufu, na aisikilize taarifa ya TMA ya mikoa yetu, maana wao ndo wanajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Jinsi ya kusoma hizo taarifa, haraka haraka. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa kinapewa jina. Ukifika 118 ndo kimbunga kamili. Majina yanafuata alfabeti, na kila msimu orodha mpya: msimu wa 2023/24 ulianza na Alvaro, na Hidaya kwa herufi H alikuwa wa nane. Anayefuatilia bahari yetu yote ni kituo cha Wafaransa kilichopo Reunion, na kwa nchi yetu anayetangaza ni TMA. Taarifa ya kweli ina tarehe, saa, umbali kutoka pwani na mikoa iliyotajwa kwa majina. Ule ujumbe alioupata mjomba nimeuona, bado ameuhifadhi. Hauna hata kimoja.

Na tusisahau ndugu zetu wenye asili ya Zanzibar kule Omani, wao hali yao ni tofauti. Bahari ya Arabuni inachemka mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya monsuni, ndo maana Gonu iliwapiga Juni 2007 na Shaheen ikaingia pwani ya Batina Oktoba 2021. Wao mwezi wa sita wanatazama bahari wakati sisi tunavuna tumetulia.

Desemba 2024 kikaja Chido. Tarehe 14 kikaipiga Mayotte vibaya sana, kesho yake kikaingia Cabo Delgado. Huku ilikuwa ni wakati wa kupanda. Jumapili ile asubuhi simu yangu ikaita, mjomba. Kuna ujumbe umezunguka tena. Akanisomea, nikamuuliza una tarehe? Hauna. Una mikoa? Umeandika "Tanzania yote". Nikamwambia kipo nyuzi kama 13 kusini, kinaelekea Msumbiji na Malawi. Akanyamaza kidogo, nikasikia ng'ombe wa jembe wanaswagwa nyuma yake.

"Haya mjomba, basi ngoja sisi tuendelee kupanda."

Nawasilisha.